Usingizi wa Saa Nane Mchana

Mlandege, Iringa
4 Juni 2024

Mume wangu, Baba Apolonia,

Usishtuke kupata barua mkononi kama tumerudi enzi za sanduku la posta. Hatujafiwa wala nyumba haijaungua. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi akufikishie hapo kwenye yadi yenu ya malori Uyole. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unalala.

Jumapili nilikupigia saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Nikaanza kukueleza kwamba Apolonia amechaguliwa kiranja wa bweni na ameomba umnunulie saa ya mkononi. Ukasema "enhe". Ukasema "enhe" tena. Halafu nikasikia unakoroma. Sikukata. Mkoromo ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika, na baada ya hapo sikusikia hata pumzi. Nikaita jina lako mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia uani. Mara ukashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini, ukasema, "Enhe, endelea." Hukujua kama nilikuwa nimenyamaza au nimelia.

Pasaka ulisinzia mbele ya kaka Joachim, tonge mkononi. Kinyozi wako ananiambia huwa anakushika kichwa ili wembe usikukate. Unalala saa tisa nzima, unaamka kichwa kinagonga, umechoka kama uliyelima. Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha madaftari, redio imewashwa, nikamsikia daktari akisema kuna watu ambao pumzi hukatika usingizini mara nyingi bila wao kujua. Akawataja wenye shingo nene. Akawataja madereva wa malori. Sikuendelea kusahihisha.

Nenda hospitali, Liberatus. Na unijibu kwa kalamu, ili nijue kwamba umekaa ukafikiri kabla ya kujibu.

Mke wako,
Faustina


Uyole, Mbeya
11 Juni 2024

Mama Apolonia,

Kamwene, kama tunavyosalimiana huko nyumbani. Barua imefika, na madereva wenzangu wamenicheka siku mbili, wanasema nimeandikiwa talaka.

Mimi mzima kabisa. Kukoroma ni kwa ukoo. Marehemu baba alikoroma mpaka ng'ombe wakaamka, na alikufa ana miaka themanini na moja. Huku Wanyakyusa kila asubuhi wanakusalimu "ugonile", yaani wanakuuliza kama umelala. Nawajibu ndiyo, yanaisha. Wewe umeniuliza hilo hilo kwa kurasa mbili.

Unajua kinachompata dereva akisema anaumwa? Kuna mwenzetu Adrian, alimwambia tajiri mwenye magari macho yanamsumbua. Akaambiwa apumzike wiki moja. Kurudi, funguo za gari lake ziko mfukoni mwa mtu mwingine. Leo anauza vocha stendi. Mimi nina miaka arobaini na tisa, ishirini na mbili kati ya hiyo niko nyuma ya usukani. Unataka nikakae na Adrian chini ya mwavuli?

Kama ni maswali, na mimi ninalo. Tangu Januari kila nikirudi nyumbani unalala chumba cha Apolonia. Unasema joto. Iringa hiyo, mvua zinanyesha, joto limetoka wapi? Mwanaume akikimbiwa kitandani anaelewa hata kama hakuambiwa. Nilinyamaza ili tusigombane mbele ya mtoto. Lakini usitafute sababu kwenye koo langu. Kama kuna mtu, sema kuna mtu.

Jambo jingine, nisingependa ulisikie kwa watu. Mwezi uliopita nilipata ajali ndogo pale Rujewa. Breki zilikataa, gari likaacha barabara. Mimi sikupata hata mchubuko. Mambo yalishaisha, usianze kuyafukua.

Saa ya Apolonia nitanunua.

Liberatus


Mlandege, Iringa
15 Juni 2024

Baba Apolonia,

Joto nilidanganya. Mtu hayupo. Nisikilize sasa.

Ukilala unakoroma, na mkoromo wako nimeuzoea miaka kumi na saba. Tatizo langu ni pale unaponyamaza. Ukinyamaza naanza kuhesabu. Kumi, kumi na tano, ishirini. Nikifika ishirini na tano nakupiga teke, unavuta hewa, unageuka, na kabla sijafumba macho unanyamaza tena. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya nilifika thelathini na nane. Nilikuwa nimeshika bega lako na nimeanza Baba Yetu. Asubuhi ukaniuliza mbona macho yamevimba, nami nikasema vumbi.

Nilihama kwa woga. Niliogopa kwamba siku moja nitahesabu na hesabu haitakoma, na mimi ndiye nitakayekuwa pembeni yako. Ni woga mbaya, kwa sababu uliniondoa mahali ambapo ningeweza kukuamsha. Nimemwambia padri, na sasa nakuambia wewe.

Lakini hiyo ajali. Mwezi mzima unapiga simu unauliza bei ya mahindi na hukuitaja. Nani aliumia? Ilikuwa saa ngapi? Na breki zilikataaje, wakati Shedrack fundi wenu ndiye aliyekuwa akizikagua kila safari, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema gari likitoka mikononi mwake unaliamini kuliko miguu yako?

Faustina


Iyunga, Mbeya
20 Juni 2024

Dada Faustina,

Salamu nyingi kutoka kwangu na watoto. Mimi ni Esnath, mke wa Shedrack fundi. Najua utashangaa kupata hii barua. Tangu ile wiki ulilala kwangu, Apolonia akifanyiwa operesheni, sijakuandikia hata mara moja, tunatumiana salamu tu kwa simu. Lakini hii siwezi kusema kwa simu, Shedrack yupo ndani siku nzima anasikia kila kitu.

Dada, tajiri amemfukuza kazi. Ni kuhusu ile gari ya shemeji kule Rujewa. Shedrack ndiye aligusa breki siku tatu kabla, kwa hiyo wamesema ni uzembe wake. Miaka kumi na moja amekaa kwenye ile yadi. Hajabishana. Hilo ndilo linanitisha, mimi namjua, mtu wa kubishana hata kwa nati moja. Alirudi nyumbani akakaa, akaniambia, "Pengine nilisahau kitu." Tangu hapo ndiyo wimbo wake. Anaamka anachora breki kwenye daftari la mtoto, anaweka alama, anafuta. Wamemwita gereji moja ya Mwanjelwa, akaenda akarudi kabla ya saa sita. Anasema mikono inakataa.

Sisemi kitu kibaya kwa shemeji, yeye ndiye angekufa. Ninaomba umwombe jambo dogo. Yeye ndiye alikanyaga ile pedeli. Amweleze Shedrack ilikuwaje, ilikuwa ngumu, au ilizama mpaka chini, ili ajue kosa lake lilikuwa wapi. Akishajua atatulia. Shedrack mwenyewe anaona aibu kumwendea.

Huyo mama aliyevunjika mguu kule Rujewa wanasema ametoka hospitali, Mungu asaidie.

Mdogo wako,
Esnath


Mlandege, Iringa
24 Juni 2024

Liberatus,

Naiambatanisha barua ya Esnath. Isome yote, usiishie katikati.

Sina salamu leo. Ulikanyaga breki au hukukanyaga?

F.


Mlandege, Iringa
8 Julai 2024

Liberatus,

Wiki mbili. Simu inaita mpaka inakata. Yadi wameniambia umepakia mbolea ya Tunduma, kwa hiyo bado unaendesha.

Sijamjibu Esnath. Nimeanza mara tatu na kuchana mara tatu. Niandike nini? Kwamba sijui, wakati najua? Darasani wanangu wa la pili wameanza kuniogopa. Jana nilimgombeza mtoto aliyesinzia, nikamwamsha kwa sauti ambayo sikuijua, akalia, nami nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo cha shule kama mwizi.

Faustina


Uyole, Mbeya
15 Julai 2024

Mke wangu Faustina,

Sikukanyaga.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisipate njia ya kulizunguka. Sasa nakueleza yote.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, barabara kavu. Usiku wake nilikuwa nimelala Makambako kwa muda wa saa kumi nzima, sikunywa hata bia. Asubuhi nilipotia gari moto nilikuwa nimechoka kuliko nilipolala. Nikatafuna pilipili, nikajimwagia maji shingoni, nikafungua kioo, nikaimba nyimbo za kwaya. Hayo yote nayafanya mwaka wa tatu sasa, sikuwahi kukuambia. Nakumbuka nilikiona kibao cha Rujewa. Baada ya hapo nakumbuka sauti kama mvua kubwa inapiga chini ya gari. Nikafungua macho. Ulikuwa mpunga. Walikuwa wameuanika kwenye maturubai mbele ya mashine ya kukoboa, na mimi nilikuwa napita juu yake. Ukuta wa mashine ndio ulionisimamisha.

Mama mmoja, jina lake Bupe, alikuwa anageuza mpunga kwa reki. Aliruka, lakini mguu mmoja haukuwahi. Nilishuka nikamkuta amekaa, ameushika mguu kwa mikono miwili, halii. Akaniangalia akaniuliza, "Baba, ulikuwa unatazama wapi?" Watu wakajaa. Mwenye mashine akaja anakimbia, akaniuliza, "Breki?" Nikasema, "Breki." Neno lenyewe alinipa yeye, mimi nililipokea tu. Nilipolisema kwake ikabidi niliseme kwa trafiki, na nilipolisema kwa trafiki ikabidi niliseme kwa tajiri. Walipomfukuza Shedrack nilikuwa nimesimama pale yadi, hatua kumi. Alinipita akaniambia, "Samahani, kaka." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha, Faustina.

Barua ya Esnath niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikapakia mbolea. Nilijiambia nikirudi Tunduma nitafikiri. Kwenye foleni ya mzani wa malori nikalala, injini inaunguruma, mguu kwenye klachi. Dereva wa nyuma alikuja kugonga kioo kwa spana. Gari lilikuwa limesogea lenyewe, limebakiza kama mita moja kufikia bodaboda iliyobeba mama na mtoto mgongoni. Yule mama hata hakugeuka. Mpaka leo hajui.

Nilirudi nikaegesha. Leo siku ya tatu nasema gari lina hitilafu, huo nao uongo. Niambie nifanye nini.

Liberatus


Mlandege, Iringa
18 Julai 2024

Liberatus,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena.

Hasira niliyonayo sijui niiweke wapi. Shedrack alikaa kwenye benchi la hospitali na mimi usiku ule Apolonia akipasuliwa, wewe ukiwa Lubumbashi. Alimletea uji asubuhi. Huyo ndiye uliyemwacha atoke getini akikuomba samahani.

Tena nakuonea huruma, na hilo linanichosha kuliko hasira. Kulala ni ugonjwa, Liberatus. Hilo sikulaumu, na mtu yeyote akikulaumu nitasimama nimjibu. "Breki" ulilisema ukiwa umeamka.

Unaniuliza ufanye nini. Unajua. Sitakuandikia hiyo barua kwa Esnath, wala sitampigia tajiri wako, ingawa namba ninayo na jana niliitazama muda mrefu. Nenda mwenyewe. Nenda kabla hujapakia tena. Ukipanda lile gari hata safari moja kabla hujasema, basi usirudi Mlandege kwanza.

Tukikosa kazi tutakosa. Mshahara wangu ni mdogo lakini upo, na shamba la Kalenga lipo.

Faustina


Uyole, Mbeya
3 Agosti 2024

Mke wangu,

Nilikwenda Jumatatu ile ile barua yako ilipofika. Tajiri, Mzee Eliezeri, alikuwa anakunywa chai ofisini. Niliweka funguo mezani nikasema, "Mzee, Rujewa nililala. Breki hazikuwa na kosa."

Akaendelea kukoroga chai. Baadaye akauliza, "Unajua niliyemfukuza amekaa na mimi miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na Tunduma ulikwenda lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Ukiwa unajua?"

"Nikiwa najua."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alizivuta funguo kwake taratibu, akaniambia, "Sikufukuzi leo kwa sababu nikikufukuza utakwenda kuendesha gari la mtu mwingine, na huko hutasema. Nenda ukapimwe. Leta karatasi ya daktari. Bila karatasi usivuke lile geti."

Daktari ni mama, Dokta Tupokigwe, yuko hospitali moja ya misheni. Alinipima shingo kwa futi ya fundi cherehani: sentimita arobaini na sita. Akaniuliza mambo ambayo nilidhani unayajua wewe tu. Kichwa asubuhi. Kuamka kukojoa mara nne. Hasira za bure. Na lile la chumbani pia, na nilipoinamisha kichwa akasema, "Baba, hilo nalo linatokana na hapo hapo." Nikamwambia wako wanaosema nimerogwa. Akasema hajawahi kuona uchawi unaopenda watu wenye shingo nene tu.

Akanipa kifaa kidogo nikalale nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni chenye taa nyekundu. Nililala kama mbuzi aliyefungwa sokoni. Asubuhi nikakirudisha, akaingiza kwenye kompyuta, akaniita nione. Mstari wa pumzi unakwenda kama vilima, halafu unalala kama meza. Vilima, meza. Vilima, meza. Mara hamsini na nne kila saa moja. Meza ndefu kuliko zote ilikuwa sekunde sabini na moja. Akasema nyama za koo zinalegea, zinaziba njia ya hewa, mwili unagutuka kujiokoa, na mimi sijui lolote. "Unakaa kitandani saa tisa," akasema, "lakini kulala hasa hujalala miaka mingi."

Nikakukumbuka wewe na ile thelathini na nane yako.

Wamenikopesha mashine kwa miezi mitatu. Inasukuma hewa kwa bomba mpaka kwenye kinyago unachovaa puani. Usiku wa kwanza niliivua baada ya dakika kumi, nikahisi nazikwa. Wa pili, umeme ulikatika. Wa tatu niliivua tena, nikaitupa, nikaiokota. Wa tano nililala mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikaa kitandani muda mrefu, nahisi kuna kitu kimepungua, sijui nini. Kichwa kilikuwa hakiumi.

Kuendesha amenikataza mpaka anione tena na asome mashine yenyewe, kwa sababu inaandika kila usiku nimeivaa saa ngapi. Hiyo siwezi kuidanganya.

Nilikwenda Rujewa kwa basi. Bupe anatembea kwa magongo. Nilimjibu lile swali lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ungesema siku ile ile, tungekupa maji ya kunywa." Kisha akaniomba niondoke, mume wake anakaribia kurudi.

Shedrack hayupo Iyunga. Mzee alimpigia, hakupokea. Esnath alinifungulia mlango, nikamwambia nikiwa nimesimama pale pale. Hakunikaribisha ndani. Alisema tu, "Yuko Makongolosi," akafunga.

Liberatus


Makongolosi, Chunya
19 Agosti 2024

Faustina,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye gogo nje ya mgahawa. Vumbi la huku linaingia mpaka kwenye karatasi, utaliona.

Nilimkuta Shedrack kwenye zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wenyewe wanaziita karasha. Amekonda. Kelele ni nyingi, hakusikia nikiita, ikabidi nisimame mbele yake. Akazima injini. Nikadhani atanipiga, nikaacha mikono chini makusudi.

Nikasema, "Shedrack, Rujewa nililala usingizi. Sikukanyaga breki. Breki zako zilikuwa nzima."

Akasema, "Sema tena."

Nikasema tena.

"Pedeli ilikuwaje?"

"Sijui. Mguu wangu haukufika."

"Asubuhi ile, ulipotoka Makambako, zilishika?"

"Zilishika. Mlima wote zilishika. Hazikuwa na kosa lolote."

Akakaa chini palepale kwenye mawe, akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Nilidhani analia, labda alikuwa analia. Akaanza kuniambia, bila kunitazama, kwamba miezi mitatu hii kila nati anaikaza, anaondoka, anarudi kuikaza tena, mpaka mwenye karasha amemwonya. Breki hajagusa tena, hata ya baiskeli. Alikubali kazi ya huku kwa sababu mashine hii imefungiwa chini, haina mahali pa kwenda kumuua mtu. Alinikumbusha maneno niliyowahi kumtania mbele ya madereva wote, na sitayaandika. Akasema, "Mimi nilikuwa naota ule mguu wa yule mama. Mimi, kaka. Wewe ulikuwa unaota nini?"

Nikamwambia nilikuwa sioti kitu.

Nikampa barua ya Mzee Eliezeri ya kumrudisha kazini. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakusema atarudi. Akasimama, akaniambia mara ya tatu, "Sema tena." Nikasema kwa sauti, wachimbaji wawili waliokuwa wanapita wakageuka kusikiliza, na nadhani ndivyo alivyotaka. Halafu akawasha karasha, nikawa sisikii tena kitu. Mkono hakunipa.

Dokta Tupokigwe ananiona Ijumaa. Baada ya hapo nitapanda basi la Iringa, nije na mashine. Kama hutaki nilale ndani, kwa Joachim kuna umeme.

Liberatus


Mlandege, Iringa
23 Agosti 2024

Baba Apolonia,

Kondakta ameniahidi utaipata hii leo Ijumaa ukitoka kwa daktari.

Esnath amenipigia jana. Shedrack alifika nyumbani Jumatano bila kuaga huko machimboni. Hakueleza mengi. Alioga, akala, akatoka nje kwa jirani mwenye pikipiki mbovu, akaomba spana. Esnath alimchungulia dirishani. Anasema alifungua breki ya nyuma, akaisafisha, akaifunga mara moja, akanyoosha mgongo, akaja kulala. Yadi harudi. Anataka kufungua gereji yake mwenyewe pale Iyunga, na Mzee Eliezeri amekubali kumpa magari ayatengeneze. Esnath alisema hayo yote, hakukata simu, nikajua anasubiri neno langu. Nikamwomba radhi kwa ajili ya zile wiki ambazo nilijua na sikumjibu. Akasema, "Dada, hiyo nipe muda." Nimempa.

Kwa Joachim huendi. Apolonia anafunga shule Jumamosi na nimemwambia baba yake ana ugonjwa wa usingizi, anatibiwa. Akauliza kama ndiyo sababu ya ajali. Nikamwambia atakuuliza mwenyewe. Jiandae, maana yeye anauliza kuliko mimi.

Usije ukidhani hasira zimekwisha. Zipo, nyingine hata sijazipangia maneno. Lakini chumba cha Apolonia atakihitaji mwenyewe, na mimi nimerudisha mto wangu kwetu. Soketi ya upande wako ilikuwa imelegea, nimemwita fundi ameibadilisha.

Faustina